Beberu wa Shangazi na Ini la Baba Mdogo

Karatasi ya altrasaundi ilisomwa na watu wote wa nyumba ya Baba Mdogo, pale Manundu, Korogwe, kabla mwenyewe hajavua viatu. Ilikuwa na mistari kadhaa ya kitabibu, lakini mmoja tu ndio uliowashika: ini lina mafuta. Mama Mdogo aliusoma kwa sauti. Jirani aliyekuja kuazima kibao cha mbuzi akausikia. Kufikia magharibi habari ilikuwa imekwishafika Handeni, kilomita 65 kutoka hapo, nyumbani kwa Shangazi.

Simu ikaita. Mama Mdogo akapokea, "Shikamoo wifi." Shangazi hakuitikia. "Mdogo wangu anaumwa ini, na mimi nasikia kwa watu?"

Baba Mdogo hufanya biashara ya machungwa. Huyachukua Muheza na kuyauza kwa wachuuzi wa stendi, wale wanaoyapandisha kwenye madirisha ya mabasi ya Arusha na Moshi. Ni kazi ya kukaa. Ana kiti chake cha plastiki, daftari na simu, na kutwa nzima watu humfuata hapohapo alipo. Asubuhi ni chai ya vijiko vinne vya sukari na maandazi, mchana chipsi mayai na soda, jioni soda nyingine, halafu wali wa nazi. Pombe hajaionja maishani mwake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu pale stendi kila aliyesikia neno "ini" alimtazama kwa jicho la kumdhania mnywaji wa siri. Mtu aliyekuwa akiadhini msikitini alianza kuswalia nyumbani.

Aibu hiyo haikuwa haki yake. Mafuta huweza kujaa kwenye ini la mtu asiyegusa kileo, na takribani watu wazima 3 kati ya 10 duniani wanayo hali hiyo. Ini huhesabiwa kuwa na mafuta yanapozidi asilimia 5. Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini wa mabara mbalimbali vilikubaliana kuupa ugonjwa huu jina jipya, linaloufunga na unene, kisukari, shinikizo la damu na jinsi mwili unavyotumia chakula. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba jina la zamani liliwatia watu unyonge. Laiti habari hizo zingefika Manundu siku ileile.

Yaliyofika ni mashauri ya watu wawili wanaompenda, nayo yalipingana.

Mama Mdogo alitangaza marufuku ya mafuta. Dumu la alizeti likapelekwa kwa dada yake. Nazi zikakoma kuingia ndani, na mkazi yeyote wa Tanga anaelewa uzito wa amri hiyo. Maharage yakachemshwa na chumvi, samaki akachemshwa na chumvi, kisamvu kikaliwa kikavu. Watoto walinung'unika chinichini, kwa kuwa aliyapika yote kwa machozi na hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Baba Mdogo naye, mtu wa kupokea mambo kwa ukamilifu, akaongeza lake: akaacha chakula cha mchana, kisha cha usiku. Mkanda wa suruali ukaongezwa tundu, ukaongezwa jingine. Wageni wakisema amekonda, Mama Mdogo alimshukuru Mungu.

Kitu ambacho hakikupigwa marufuku ni sukari. Mwenye njaa hutafuta pa kujishikiza, na chai na soda havikuwa na tone la mafuta, basi vikaonekana salama. Hapo ndipo palipokuwa na pengo. Ini halingoji kuletewa mafuta ndipo liyahifadhi. Likiletewa sukari nyingi, hasa ile ya kwenye soda na juisi, hutengeneza mafuta lenyewe na kuyaweka ndani ya seli zake.

Shangazi alikuwa na elimu nyingine. Yeye ni mtu wa vichungu. Alianza kwa kutuma kiroba cha mchunga kwa basi la asubuhi, kisha magome ya mwarobaini, kisha akatuma neno: Jumamosi waje wote Handeni, amepata beberu. Nyama ilikuwa ya kukirimu watu. Alichokitaka yeye ni nyongo. Mdogo wake angeinywa mbichi, ya motomoto, kwenye kikombe cha bati, na juu yake supu ya ndimu.

Msomaji asiharakishe kumcheka. Shangazi amechinja na kupika kwa miaka mingi, na anajua kitu alichokiona kwa macho: ukiwa na mikono ya mafuta ya nyama, ukaipaka nyongo na kuimwagia maji, mafuta yanatoka kama umeoga kwa sabuni. "Ikitoa mafuta kwenye mkono," alituambia, "italishindwaje ini?" Hiyo ni hoja ya mtu mwenye kutazama vizuri. Na nusu yake ni sayansi safi.

Tulifika Handeni jua likiwa limekwishapanda. Baba Mdogo alikaa chini ya mwembe, mwepesi ndani ya shati lililokuwa la kumbana. Beberu alichinjwa, akatundikwa kwenye tawi, na kazi ya kupasua akapewa mjukuu wa Shangazi aliyetoka kumaliza kidato cha nne, kijana mwenye nguvu na haraka. Matumbo yakatoka salama. Ini likatoka, jekundu na zito, na kwenye upande wake wa ndani kimelala kile kifuko cha kijani kilichokolea, kimejaa hadi kimetanuka.

Wachinjaji wana namna yao. Hukibana kifuko shingoni kwa vidole viwili, kisha hukikata pamoja na kipande kidogo cha ini, kipande hicho kikiwa kafara ya kuliokoa ini lililobaki. Shangazi alikuwa amesimama na kikombe chake, akielekeza, "Taratibu. Taratibu, baba." Kijana akavuta.

Kikapasuka. Kioevu cha kijani na manjano kikamtiririka kijana hadi kwenye viwiko, kikafunika ini lote, kikadondokea kwenye sufuria iliyokuwa chini yake, ambamo figo, moyo na utumbo uliooshwa vilikuwa vinasubiri kuwa supu. Kikombe cha bati kilipata matone machache, mengine yakanywewa na ardhi.

Ndipo vita vya kuokoa vikaanza. Handeni ni mahali pa kuheshimu maji. Wilaya hiyo imeishi miaka mingi kwa kuyatafuta, na mradi mkubwa wa maji uitwao HTM unayavuta kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa sababu ya shida hiyohiyo. Siku ile bomba lilikuwa kavu na ndani ya nyumba kulikuwa na madumu ya kununua. Dumu la kwanza liliishia kwenye ini. La pili likaishia kwenye sufuria. Wakasugua kwa ndimu, wakasugua kwa chumvi, wakanyunyiza unga wa mahindi na kuosha tena. Shangazi akakata kipande kidogo, akakipitisha motoni, akakionja. Alikitema mbali, kisha akakaa juu ya kinu na kujifunika uso kwa khanga. Sijawahi kumwona akilia kabla ya hapo. Fedha ya beberu aliipata kwa kuuza magunia ya mahindi aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya ada ya shule.

Ilibaki nyama ya mbavu na mapaja, mbali na balaa lile. Ikachomwa. Na Baba Mdogo, aliyekuwa na majuma mengi bila tone la mafuta, kwa huruma ya dada yake na kwa njaa yake mwenyewe, alikula. Alikula mbavu zenye mafuta ya manjano pembeni, na Mama Mdogo aligeuza uso pembeni ili asione.

Usiku wa manane alituamsha. Maumivu yalikuwa chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani, yanakaza na kutoachia. Alitapika. Alishindwa kulala chali, akashindwa kulala kifudifudi. Mama Mdogo akasema ni mbuzi. Shangazi akasema kama angeinywa ile nyongo yasingemfika. Waliyasema hayo juu ya mgonjwa, kila mmoja ameshika mkono wake mmoja, na gari la kukodi lilipofika bado walikuwa wanayasema.

Hospitalini alipimwa upya. Kifuko cha nyongo kilikuwa na mawe.

Ile karatasi ya kwanza, ambayo nyumba nzima iliikariri, ilikuwa na mstari mwingine ambao hakuna aliyeutilia maanani: kifuko cha nyongo hakina mawe. Yaani mawe yalipatikana baadaye, katika majuma yale ya kukonda.

Aliyetueleza ni binti wa Shangazi, binamu yangu, ambaye ni afisa tabibu. Alikuja kwa basi la jioni akitokea kazini. Alimkuta mama yake na mke wa mjomba wake hawasemezani, akachukua kalenda ya ukutani, akaigeuza nyuma, akachora ini, kifuko na utumbo.

"Mama," alianza, "ulivyosema kuhusu mikono ni kweli."

Shangazi akainua kichwa.

Ini hutengeneza nyongo kila siku, kuanzia mililita 600 hadi karibu lita 1. Kilicho muhimu zaidi ndani yake ni asidi za nyongo, nazo ini huzitengeneza kwa kolesteroli. Kila asidi ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na ndiyo maana inaweza kuyashika mafuta ya chakula na kuyavunja kuwa matone madogo ambayo mwili unaweza kuyasaga. Shangazi aliyaona hayo mikononi mwake. Lakini kazi hiyo hufanyika utumboni, kwenye mafuta yaliyotoka kuliwa. Mafuta yaliyo kwenye ini la Baba Mdogo yamefungiwa ndani ya seli, na nyongo ya kunywa haiwezi kuingia humo na kuyaosha, iwe ya beberu au ya ng'ombe.

Kisha binamu akaeleza jambo ambalo mimi limenikaa hadi leo. Nyongo ikimaliza kazi yake haitupwi. Kwenye mwisho wa utumbo mwembamba, asidi zake hufyonzwa na kurudishwa kwenye ini kupitia mshipa wa damu, asilimia 95 hivi katika kila mzunguko, na mwili wenye gramu chache tu za asidi hizo huzizungusha mara kadhaa kwa siku. Kila zinaporudi zinaleta habari. Mwaka 1999 makundi ya watafiti yalionyesha kwamba ndani ya seli za ini na utumbo kuna kipokezi, kiitwacho FXR, ambacho asidi za nyongo hukigusa na kukiamsha. Kikiamka utumboni, utumbo hutoa homoni iitwayo FGF19 kwenda kuliambia ini: chakula kimefika, punguza kutengeneza nyongo mpya, punguza kutengeneza mafuta. Asidi hizohizo hugusa kipokezi kingine kinachousaidia utumbo kutoa GLP-1, homoni ya kushiba na kudhibiti sukari, ileile inayoigwa na dawa ya semaglutide.

Kwa hiyo nyongo ina kazi mbili, kusaga na kusema. Kwenye ini lililojaa mafuta, kusema huko huharibika. Asidi za nyongo huongezeka kwenye damu, mchanganyiko wake hubadilishwa na bakteria wa utumboni, na ini hulegea kuisikia FGF19. Linaendelea kutengeneza mafuta hali limekwishaambiwa yatosha. Binamu alichora mshale wa kurudi kutoka utumboni hadi kwenye ini, akaukata kwa alama ya msalaba. Mama Mdogo akauliza kama unaweza kuunganishwa tena. Lilikuwa ndilo swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa usiku ule.

Madaktari wamejaribu. Ipo asidi ya nyongo iitwayo ursodeoksikoliki, iliyojulikana kwanza kutoka kwenye nyongo ya dubu, ambayo leo ni dawa halali ya baadhi ya magonjwa ya njia za nyongo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 166 wenye ini lenye mafuta na uvimbe, lililodumu miaka 2. Waliomeza asidi hiyo hawakupata nafuu kuliko waliomeza kidonge kisicho na dawa. Ikaja asidi nyingine iliyotengenezwa maabara, obetikoliki, yenye nguvu kubwa ya kuamsha FXR. Katika jaribio la wagonjwa 283, hali ya ini iliboreka kwa asilimia 45 ya walioitumia, dhidi ya asilimia 21 ya wasioitumia. Lakini iliwatia wengi muwasho mkali na kupandisha kolesteroli mbaya, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa kwa ugonjwa huu mwaka 2020, ikaikataa tena 2023. Dawa ya kwanza kukubaliwa huko, Machi 2024, ni resmetiromu, ambayo haifanyi kazi kwa kuiga asidi za nyongo. Ikiwa asidi iliyosafishwa, ikapimwa na kufungwa kwenye kidonge inaleta taabu zote hizo, kikombe cha nyongo mbichi kina nafasi gani? Nyongo ya mnyama inaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Nyongo ya baadhi ya samaki wa jamii ya kapu imeua figo na maini ya watu huko Asia walioinywa kama tiba.

Shangazi alisikiliza yote hayo bila kumkatiza mwanawe. Akauliza tu, "Na mawe?"

Hapo zamu ikawa ya Mama Mdogo kuinamisha kichwa. Kifuko cha nyongo hujikamua pale mafuta yanapoingia utumboni. Bila mafuta hakijikamui vizuri, nyongo inalala humo, inakolea. Na mtu akikonda kwa kasi, zaidi ya kilo 1 na nusu kwa juma, kolesteroli nyingi humiminika kwenye nyongo hiyo iliyolala, ikaganda kuwa mawe. Kisha siku moja kifuko kilichozoea kulala kinapata mbavu za beberu, kinajikamua kwa nguvu zote, jiwe linaziba njia. Nyumba ile ilikuwa imepigana na mafuta kwa majuma mengi, huku soda ikipita mlangoni kila siku.

Mimi naona kosa la nyumba ile, kama kosa la nyumba nyingi, lilikuwa kutaka ini lioshwe. Kila stendi kuna mtu anayeuza chupa ya kusafisha ini. Ini halina uchafu wa kuoshwa. Linahitaji kupunguziwa kazi ya kutengeneza mafuta, nayo hupungua kwa njia isiyo na mvuto wa kutangazwa: uzito ukishuka polepole kwa asilimia 7 hadi 10, mafuta na uvimbe kwenye ini hupungua kwa watu wengi. Mchunga wa Shangazi ni mboga njema, na maharage na kunde ni bora zaidi, kwa sababu makapi yake huzikamata asidi za nyongo na kutoka nazo, na ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyingine. Mchunga ubaki jikoni kama chakula, basi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo binamu aliling'ang'ania. Mlango ambao ini huutumia kuziokota asidi za nyongo kutoka kwenye damu huitwa NTCP, na mwaka 2012 watafiti wa Beijing waligundua kwamba virusi vya homa ya ini B huingia kwenye seli kwa mlango huohuo. Baba Mdogo, pamoja na kupimwa mara mbili kwa altrasaundi, hakuwa amepimwa homa ya ini B hata mara moja. Alipimwa asubuhi yake. Hana. Sukari yake ndiyo ilikuwa juu.

Alifanyiwa upasuaji, kifuko kikatolewa. Mtu huishi bila kifuko cha nyongo. Ini huendelea kuitengeneza na kuimimina utumboni moja kwa moja. Dumu la alizeti limerudi, dogo, na nazi hukunwa siku za Ijumaa. Soda haiingii. Mwenyewe husimamia machungwa yake kwa miguu, na amerudi kuadhini. Mama Mdogo alimtumia wifi yake fedha ya ada ya shule, Shangazi akairudisha, ikatumwa tena, ikapokelewa.

Nawe, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna karatasi iliyoandikwa kwamba ini lina mafuta, msichinje chochote wala kufukuza dumu la mafuta. Rudini kwa daktari, mwombe mgonjwa apimwe sukari na homa ya ini B, kisha someni mistari yote ya karatasi hiyo.